Anemoni wa maji baridi: wamejikunja, chila imenishinda, na mmoja nadhani amekufa

#1 KupwaKujaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Nimekuwa msomaji wa kimyakimya muda mrefu, leo imebidi nijitokeze maana maji yamenifika shingoni, tena siyo ya baridi.

Nina tangi la lita 150 la maji ya chumvi ya baridi. Ndani kuna anemoni watatu wekundu, Actinia equina, wale wanyama laini wa baharini ambao maji yakikupwa unawakuta mwambani wamejifumba kama tone la jeli. Nina miezi minne nao. Samaki sina. Kuna konokono wachache na kaa mmoja mdogo nisiyemwona ila usiku. Chila, yaani mashine ya kupoza maji, nimeitegesha nyuzi 13.

Tatizo la kwanza ni la siku nyingi. Tangu mwezi wa pili hawafunguki vizuri. Wanatoa minyiri nusu siku, wanajikunja siku mbili. Chakula wanapokea kwa kusuasua. Nimepima uchafu wa maji: amonia, sifuri. Nitriti, sifuri. Nitrati ipo kidogo. Chumvi 1.026 kwenye haidromita (kipimo cha uzito wa maji), kama inavyotakiwa.

Tatizo la pili ni la jana. Nimeamka kipimajoto kinasoma 21. Chila inanguruma, feni inazunguka, ukigusa ubavu wake unaungua, lakini maji hayapoi. Yenyewe iko ndani ya kabati chini ya tangi ili isitusumbue kwa kelele. Nikazamisha chupa za barafu, hadi jioni yakashuka kufika 15. Wawili wamejikunja lakini bado wameshika jiwe. Wa tatu ameachia, akawa anabingirika tu na mkondo, mdomo umelegea, rangi imepauka. Nimemtoa nikamweka kwenye bakuli la maji ya tangi. Huyu nadhani ameshakwenda.

Aliyeniuzia aliniambia "hawa hawafi hata ukitaka". Naombeni msaada, na wa kunitukana anitukane huku ananielekeza.

#2 BintiMwani

Pole sana kaka. USIMTUPE. Mnuse kwanza.

Sitanii. Anemoni aliyekufa hahitaji mtu wa kuthibitisha, nyumba nzima itajua. Mwili unageuka kamasi, ukiugusa unachanika na kubaki kidoleni. Kama hana harufu, na ukimgusa taratibu kwa mgongo wa kijiko akakaza hata kidogo, yuko hai. Kuachia jiwe ni namna yake ya kuhama. Mahali pakimshinda anajiachia aende na mkondo akatafute pengine.

Halafu mtoe kwenye hilo bakuli. Maji ya bakuli yanapata moto upesi kuliko ya tangi, utakuwa unamwua mara ya pili. Tafuta chombo cha plastiki, kitoboe matundu mengi, mweke humo na kijiwe kimoja, kisha kining'inize ndani ya tangi asije akavutwa na pampu. Na pampu yenyewe ina sifongo mdomoni? Anemoni anayetangatanga na mdomo wa pampu usio na kitu, hapo unapata supu.

#3 Mdakuzi

Natafuta pa kukaa. Huu uzi hauishi leo.

#4 FundiBaridi

Mkuu KupwaKujaa, jibu umeliandika mwenyewe halafu ukalipita: "yenyewe iko ndani ya kabati".

Chila haizalishi baridi. Inachota joto kwenye maji na kulimwaga nje, na juu yake inaongeza joto la mota yake. Ukiifungia kabatini inalimwaga palepale ilipo, kisha feni inavuta hewa ileile ya moto ijipoze nayo. Mwanzoni inavumilia. Kabati likishakuwa tanuri inanguruma bure, kompresa ikizidiwa inajizima kujiokoa, ikipoa kidogo inawaka tena, na wewe ukisikia mlio unasema inafanya kazi. Ng'oa milango ya kabati leo. Wikendi itoe nje kabisa, ipe nafasi ya kupumua upande wenye matundu, na chukua mswaki mkavu uondoe vumbi kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya kutolea joto. Nina uhakika yamejaa.

Sasa hesabu, maana wengi wananunua chila kwa kuangalia umbo lake. Kushusha lita 100 za maji kwa nyuzi moja ni kuondoa wati-saa 116 za joto. Wewe una 150, na kutoka 21 kurudi 13 ni nyuzi nane, hiyo ni karibu wati-saa 1,400. Chila yenye uwezo wa kuondoa wati 200 itachukua saa saba, na hapo nimejifanya hakuna joto jipya linaloingia. Linaingia sana. Chumba kikiwa nyuzi 26 na maji 13, vioo vitupu vya tangi kama lako vinapitisha zaidi ya wati 100 mchana na usiku. Pampu nayo: ikiwa imezama, kila wati inayokula inaishia kuwa joto la maji. Pampu ya wati 30 ni hita ya wati 30 uliyoinunua kwa jina lingine. Kwa hiyo chila yako, ikiwa ni hiyo ya wati 200, maji yakikaribia 13, imebakiwa na wati 70 hivi za kupigania. Ndiyo maana ikitetereka kidogo tu unaamkia 21.

Dawa ni kuzuia joto lisiingie. Chukua foamu ngumu ya unene wa sentimita mbili na nusu, bandika kioo cha nyuma na vya pembeni, weka nyingine chini ya tangi, na funika juu. Acha cha mbele tu. Hicho cha mbele kitatokwa jasho siku hewa ikiwa na unyevu, na jasho hilo linateremka hadi kwenye mbao na kwenye soketi. Wenye uwezo wanaweka vioo viwili vyenye hewa kavu katikati, au akriliki nene. Usipoweza, futa kwa kitambaa, na hakikisha kila waya wa umeme unashuka chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Na usiyaogope maji baridi kwa habari ya hewa. Maji ya bahari ya nyuzi 10 yanabeba oksijeni miligramu kama 9 kwa lita, ya nyuzi 25 hayafiki 7. Kwa hiyo joto lilipopanda anemoni wako walitaka hewa nyingi zaidi na maji yakawapa pungufu. Siku ikitokea tena, kabla hata ya barafu, elekeza pampu ikoroge uso wa maji.

#5 KupwaKujaa

Nimerudi. Milango nimeing'oa kwa bisibisi, mke wangu ananiangalia tu. Mapezi ya chila yalikuwa na blanketi la vumbi, tena lenye manyoya ya paka. Saa hizi maji ni 14.

Kuhusu yule wa bakuli: nimemnusa. Ananuka bahari, basi. Nikamgusa na kijiko, hakufanya kitu. Nikasubiri, nikamgusa tena, mdomo ukajivuta ndani polepole, kama mtu anayekataa kuamshwa. Nimemweka kwenye kopo la matundu. Sifongo kwenye pampu sikuwa nayo, sasa ipo.

#6 MtunduWaFriji

Hizi chila ni kupoteza hela. Chukua friji ndogo, toboa matundu mawili ubavuni, zungusha mpira wa maji mita kumi ndani, pampu ipitishe maji humo yarudi tangini. Umemaliza.

#7 FundiBaridi

Umeshawahi kuifanya au umeiona?

#8 MtunduWaFriji

Nimeiona.

#9 FundiBaridi

Nilijua. Mimi nimeifanya. Friji imetengenezwa kupoza chakula kilichotulia kisha kulinda ule ubaridi, kompresa iwake kidogo na kupumzika sana. Ukiiletea maji yanayoingia na joto kila sekunde haipumziki. Halafu mpira wa plastiki haupitishi joto vizuri, na hewa ya ndani ya friji nayo haipitishi, kwa hiyo maji yanaingia 20 na kutoka 19 na nusu. Yangu ilidumu wiki sita, maji hayakuwahi kushuka chini ya 18, na siku ya mwisho ilitoa moshi. Na kabla ya kutoboa ubavu wa friji ujue mabomba ya gesi yamepita wapi, mara nyingi yamelazwa humohumo ukutani.

#10 KijitoKidogo

Mkuu Fundi ni kweli, ila kuna namna ya friji inayokubali. Mimi nina friji ya kioo, ile ya kuonyeshea vinywaji. Nimeondoa rafu za kati, nikaweka tangi la lita 25 ZIMA ndani, na taa ndogo ya ledi juu. Friji inapoza sanduku lililotulia, kazi iliyozaliwa nayo. Nimefunga kidhibiti joto cha nje kinachokata umeme kwenye 11. Ndani kuna Actinia wawili na mwaka wa pili huu sijazika. Shida yake ni moja: wageni wanaufungua mlango wakitafuta maji ya kunywa.

#11 Mdakuzi

Wageni wako wanastahili kuonywa kwa maandishi.

#12 MamaChumvi

Nimesubiri mtu aseme, naona wote mmekimbilia chila. Mwanangu KupwaKujaa, chila imeeleza mambo ya jana. Haijaeleza kwa nini hawafunguki tangu mwezi wa pili. Nijibu mawili. Haidromita yako ni ile ya kuelea? Na maji ulipoyachanganya, uliyapima yakiwa ya kawaida au yakiwa yameshapoa?

#13 KupwaKujaa

Shikamoo mama. Ndiyo, ya kuelea, ya kioo. Nilichanganya kwenye ndoo, maji ya kawaida tu, yakasoma 1.026. Nikamwaga tangini. Yalipopoa nikapima tena yakawa yamepanda karibu 1.029. Nikajua maji yamepungua kwa mvuke, nikawa naongeza maji matamu kidogokidogo hadi yakarudi 1.026. Tangu hapo nayashikilia hapo.

#14 MamaChumvi

Marahaba. Basi tumempata mchawi.

Chumvi haikupanda. Maji yalijikunja. Maji yakipoa yanashikana, yanakuwa mazito zaidi kwa ujazo uleule, na kitu kinachoelea kinaelea juu zaidi. Maji ya bahari yenye chumvi 35 kwa elfu, ukiyapima yakiwa nyuzi 25 na yakiwa nyuzi 13, tofauti ya uzito ni kama 0.003. Hiyo ndiyo 0.003 uliyoiona ukadhani ni mvuke. Haidromita nyingi za matangi zimepimiwa nyuzi 25, angalia shingoni mwake, mara nyingi pameandikwa. Kwa hiyo wewe ulikuwa sawa kabisa kwenye ndoo, kisha ukayazimua maji mazuri kwa mikono yako. Sasa hivi una kama 31 kwa elfu na umekuwa ukilinda hiyo 31 kwa bidii.

Tumia refraktomita, kipimo cha chumvi kinachotumia mwanga, inataka matone mawili tu, na kwenye kioo chake matone yanapata joto la chumba mara moja. Ukiwa huna, teka kikombe, kiache mezani hadi kifike 25, ndipo uelee hicho kidude chako.

Kurudi juu usikimbie. Maji yanayopungua kwa mvuke jazia kwa maji ya chumvi badala ya matamu, hadi ufike 34 au 35. Wiki mbili si nyingi. Ukishafika, rudia maji matamu, maana mvuke hauondoki na chumvi.

#15 MwambaMpweke

Mama umetisha. Ila niongeze upande wa pili, tusije tukaitupia chumvi lawama zote. Actinia ni mnyama wa ukanda wa kupwa na kujaa. Leo jua linamchoma kidimbwini, kesho mvua inamnyeshea. 31 anaivumilia, na hata 21 yako ya siku moja anaivumilia. Anachokosa kuzoea ni kuyumba kila siku bila mpangilio. Ukiwa unajazia maji matamu asubuhi kwa pupa, chila inapanda na kushuka, mnyama anafanya kile anachofanya mwambani mambo yakiharibika: anafunga duka.

Ungekuwa na Urticina felina hadithi ingekuwa nyingine. Yule mnene mwenye minyiri mifupi iliyokaza, aliyejipachika changarawe na vipande vya makombe mwilini. Yeye anapenda mianya yenye kivuli na maji ya baridi yasiyobadilikabadilika, mimi wangu namweka kwenye 11. Aliyekuuzia wewe "hawafi hata ukitaka" alikuwa anasema kuhusu Actinia. Usimpe maneno hayo mtu anayenunua Urticina.

#16 MgeniWaChumvi

Samahanini wakuu, mimi mpya. Hawa naweza kuwaweka na wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wanaolala ndani ya anemoni?

#17 BintiMwani

Hapana mdogo wangu. Kila mwenye tangi la anemoni ameulizwa hili, usione haya. Wale samaki ni wa bahari za joto, na anemoni wanaoishi nao ni wa joto, nyuzi 24 hadi 27. Ukimleta samaki kwenye 13 anakufa. Ukimpeleka Actinia au Urticina kwenye 26 unamchemsha polepole. Na hata wangekutana katikati, Urticina angemwona yule samaki kama mlo.

Jambo la pili ambalo halijaulizwa ila litaulizwa: taa. Actinia, Urticina na anemoni mwingine wa baridi, Metridium, hawana mwani ndani ya mwili, hawaishi kwa mwanga. Taa ni yako wewe uwaone. Wenye mwani ni kama Anemonia viridis na Anthopleura wa pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini. Hao ukiwaweka gizani wanapauka, na utalazimika kuwalisha zaidi kufidia. Kwa hiyo kabla hujanunua mtaa mzima wa ledi, jua kwanza una nani.

#18 KupwaKujaa

Na kulisha? Mimi nawapa kipande cha kamba kila siku, wakikataa nakiacha hapo hadi kesho yake.

#19 BintiMwani

Kila siku?!

#20 MwambaMpweke

Kaka, unaendesha hoteli. Anemoni hana pa kukimbilia wala pa kuwinda, kazi yake ni kukaa. Mara moja kwa wiki inatosha, mara mbili ukitaka akue. Kipande kiwe kidogo kuliko mdomo wake. Kome aliyefunguliwa, kamba mbichi, ngisi, vyote vibichi na visivyo na viungo. Kishike kwa kibano kirefu, kigusishe kwenye minyiri, usikisukume mdomoni. Utaona minyiri inakishika mmoja baada ya mwingine, upande mmoja unainama, mdomo unafunguka kama mfuko uliofunguliwa kamba. Asipochukua ndani ya nusu saa, kitoe. Kamba aliyelala tangini usiku kucha ndiyo amonia yenyewe hiyo.

Siku moja au mbili baadaye atatema kifurushi cha kahawia chenye kamasi. Usije humu kuuliza kama anaumwa. Ana tundu moja tu mwilini, linaingiza na kutoa. Kivute kwa bomba la sindano, basi.

Ila kuna mmoja hapaswi kuingia kwenye hesabu hii, na kwa huyu nina kidonda. Metridium senile. Mweupe au wa chungwa, shina refu, juu ameshonana kama koliflawa kwa minyiri midogo isiyohesabika. Sijaona anemoni mzuri kama yule. Nilimnunua, nikampa kome kama wenzake. Akawa anakishika kipande, kinamponyoka. Nikakata vidogo zaidi, vikaponyoka. Alikuwa na urefu wa kiganja. Baada ya miezi mitano alikuwa na urefu wa kidole gumba, bado mzuri, bado amefunguka kila siku. Hakujikunja hata siku moja, na ndiyo maana sikushtuka. Alikuwa anafunguka kwa njaa. Minyiri ile ni nyavu za kukamata vijidudu vinavyoelea, anataka chembe ndogondogo mara nyingi kwa siku. Ukimlisha hivyo maji yanachafuka, ukiogopa uchafu anasinyaa. Mwenye tangi linaloingiza maji ya bahari moja kwa moja anaweza. Mimi siwezi, na simshauri mtu mwenye lita 150.

#21 MtunduWaFriji

Mimi Metridium wangu alizaana bila kulishwa chochote. Nilikuta vidogo sita nyuma yake.

#22 MwambaMpweke

Alikuwa anatembea na kuacha vipande vya mguu wake nyuma, kila kipande kinajijenga kuwa anemoni mpya. Wanafanya hivyo sana. Mmoja aliyekatika mara sita haina maana alishiba. Hao sita waliishia wapi?

#23 MtunduWaFriji

...

#24 MamaChumvi

Mwacheni kijana. Wote tumezika.

Niwaambieni habari ya kumtia KupwaKujaa moyo. Mwaka 1828, huko North Berwick, Uskoti, mtafiti wa viumbe Sir John Graham Dalyell aliokota Actinia mmoja mwambani akamweka kwenye chombo cha kioo nyumbani. Hakukuwa na chila, wala pampu, wala umeme wa kuzungumzia. Alikuwa akibadilishiwa maji ya bahari, akilishwa, basi. Dalyell akafariki 1851, anemoni akabaki. Akapita mikononi mwa walezi wengine Edinburgh, wakampa jina Granny, yaani Bibi, akazaa mamia ya watoto, na akafa mwaka 1887. Miaka 59 kwenye chombo! Gazeti la The Scotsman liliandika habari za kifo chake.

Ila angalieni: aliishi Uskoti. Chumba chenyewe kilikuwa chila.

#25 Mdakuzi

Anemoni ameandikwa gazetini kwa kufa. Mimi sijaandikwa hata kwa kuishi.

#26 KijitoKidogo

Swali kwa wataalamu: wangu wawili nimewasogeza karibu ili wapendeze pichani. Mmoja sasa ana makovu meupe pembeni na amenyauka upande huo. Ugonjwa?

#27 MwambaMpweke

Ugomvi. Mwangalie chini ya minyiri, pale ukingoni, ana shanga za buluu kama zilizotungwa. Hizo zimejaa seli za kuchoma, na ni silaha ya kupigania nafasi na anemoni mwenzake. Wakigusana na si wa ukoo mmoja, mmoja anavimbisha shanga, anainama juu ya mwenzake na kumpaka. Ngozi ya shanga inabaki imenata kwa adui ikiendelea kumchoma, ndiyo hayo makovu. Watenganishe. Aliyeshindwa kwa kawaida anahama mwenyewe kama ana pa kwenda, na wewe umewafungia kwenye lita 25.

Kumhamisha usimkwangue kwa kisu. Mguu ukichanika ndiyo mwanzo wa kuoza. Ingiza ukingo wa kadi ya plastiki taratibu kuanzia upande mmoja, au kama amekaa kwenye kioo weka kipande cha barafu upande wa nje, wakati mwingine anaachia mwenyewe. Bora kuliko vyote ni kumhamisha na jiwe lake.

#28 KijitoKidogo

Na mimi nilidhani wanakumbatiana.

#29 KupwaKujaa

Wakuu, ni wiki ya tano leo. Nilikaa kimya kwa sababu niliapa sitaandika hadi niwe na cha kuandika.

Chila iko nje ya kabati, foamu imebandikwa pande tatu. Kipimajoto hakijavuka 13 na nusu. Nilipata refraktomita, mama ulikuwa sahihi kwa kiasi cha kuudhi: ilisoma 31. Nimepanda taratibu, sasa ni 34 na nusu. Nalisha Jumapili tu. Paka amehamia juu ya chila, pana joto.

Wale wawili walifunguka siku ya tisa, na hawajajikunja tena ila wakishiba. Yule wa kopo alikaa siku kumi na moja bila kushika kitu. Nilikuwa namnusa kila asubuhi kabla ya chai, mke wangu amezoea. Siku ya kumi na mbili nikainua kopo, kijiwe kikainuka naye. Amebaki mdogo kuliko wenzake, lakini amekula kome mara mbili.

Sasa jana usiku nilikuwa nasafisha sifongo ya pampu. Nikaona nukta nyekundu. Nikadhani ni uchafu, nikataka kuibinya. Ikajikunja! Nikachukua tochi na kioo cha kukuzia. Kumi na mbili kwenye sifongo, nne kwenye kioo cha nyuma, moja juu ya gamba la konokono anayetembea nayo. Kila moja ni kama kichwa cha njiti ya kiberiti na ina minyiri kamili. Ni watoto?

#30 BintiMwani

Ni watoto! Actinia anawalea tumboni kisha anawatema mdomoni wakiwa tayari. Hongera baba. Sifongo hiyo usiibinye tena, isuuze kwa kuitikisa ndani ya ndoo ya maji ya tangi. Na mabadiliko ya maji wiki hii, funga kitambaa kwenye mdomo wa bomba, la sivyo utawamwaga kwenye sinki.

#31 MwambaMpweke

Chakula chao ni kome aliyesagwa laini, au vijikamba vilivyototolewa leo, kwa bomba la sindano, tone moja moja. Usigawe yeyote hadi afike ukubwa wa ukucha. Na ukigawa, ulizia kwanza chila ya mtu imekaa wapi.

#32 Mdakuzi

Naweka jina kwa yule wa juu ya konokono.

#33 KupwaKujaa

Umechelewa Mdakuzi, mwanangu ameshamchukua. Anaitwa Abiria.

Mama Chumvi, swali la mwisho kabla sijalala: hao wadogo nao nitawanusa?

#34 MamaChumvi

Lala mwanangu.